Programu za Simu za Mazoezi na Lishe: Mtumiaji Achague Vipi?

Tumfikirie mama mmoja wa Kifaru, katika tambarare ya wilaya ya Mwanga, kando ya barabara kuu itokayo Same kwenda Moshi, mahali ambapo milima ya Ugweno na Usangi husimama upande wa mashariki. Ana umri wa miaka 58 na ana kisukari. Kliniki imemshauri apunguze uzito na ajue vema anakula nini. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam amemtumia simujanja na kumwekea programu ya kuhesabu hatua na chakula. Jioni ya siku ya kwanza, mama huyu aliyelima tangu alfajiri hadi jua lilipokuwa kali, akateka maji na kupikia watu sita, anaambiwa na simu kwamba ametembea hatua 900 tu na kwamba kesho ajitahidi zaidi. Anapotaka kuandika makande aliyokula, programu haiyajui. Inampendekezea supu ya mahindi na maharage ya kopo kutoka Marekani. Kwa kukosa jingine, anaichagua. Tangu hapo kila hesabu anayopewa ni hesabu ya chakula cha mtu mwingine.

Mama huyo ni wa kubuni, lakini yaliyompata hayahitaji ubunifu: ndivyo programu hizi zinavyofanya kazi mahali ambapo waliozitengeneza hawakupafikiria. Kwa kijana mwenye afya njema, kosa la namna hii ni la kuchekesha tu. Kwa mgonjwa anayechoma insulini, hesabu ya wanga iliyokosewa inaweza kumshawishi abadilishe dozi au aruke mlo, na sukari ikashuka hadi azimie akiwa peke yake shambani. Kwa sababu hiyo tumeona makala haya yasianze na orodha ya programu nzuri na mbaya. Orodha hupitwa na wakati kabla wino haujakauka. Tutaeleza kile ambacho simu inaweza kupima, kile inachokisia, na kile inachokichukua kutoka kwako bila wewe kuona.

Kinachopimwa na kinachokisiwa

Ndani ya simujanja nyingi kuna kihisi mwendo, kifaa kidogo kinachotambua mtikisiko. Mtu anapotembea, mwili hupanda na kushuka kwa mpigo unaojirudia, na programu huuhesabu mpigo huo kuwa hatua. Kuna pia mfumo wa GPS, ambao hutumia satelaiti kujua mahali ulipo na umbali uliokwenda. Kwa simu ya kawaida, vipimo vya kweli vya mwendo vinakaribia kuishia hapo. Zile kalori unazoambiwa umezitumia hazikupimwa na kitu chochote. Zimekokotolewa kwa kanuni kutokana na umri, jinsi, uzito na urefu uliouandika mwenyewe, pamoja na idadi ya hatua.

Ukilielewa jambo hili utaona kwa nini jembe halionekani katika simu. Anayelima husimama karibu mahali pamoja. Anayetumia nguvu ni mgongo na mikono, na simu aghalabu imeachwa nyumbani au imetundikwa mtini ndani ya mkoba. Anayebeba ndoo ya lita 20 kichwani huhesabiwa hatua, lakini mzigo hauhesabiwi. Kwa upande mwingine, safari ya bodaboda katika barabara ya makorongo inaweza kumwongezea abiria hatua ambazo miguu yake haikuzipiga. Mwinuko nao ni tatizo. Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi cha mgandamizo wa hewa, ambacho ndicho husaidia kujua kwamba mtu anapanda. Kwa simu ya namna hiyo, hatua 3,000 za kwenda gulioni kwenye tambarare na hatua 3,000 za kupanda kuelekea Ugweno huweza kuhesabiwa sawa. Mapafu ya aliyepanda yanajua kwamba si sawa.

Mtumiaji anaweza kufanya jaribio dogo lisilogharimu chochote. Weka simu mahali unapoiweka kila siku, tembea hatua 100 ukizihesabu mwenyewe, kisha linganisha. Rudia mara tatu. Mwandishi wa makala haya alipojaribu, simu iliyokuwa mfukoni ilikaribia ukweli. Ilipohamishiwa ndani ya mkoba wa begani ilipoteza hatua nyingi. Ikiwa simu yako hukosea kwa kiasi kilekile kila siku, bado inafaa, kwa kuwa itakuonyesha kama wiki hii umetembea zaidi ya wiki iliyopita. Inayokosea leo hivi na kesho vingine haifai.

Tukiwa bado kwenye hatua, lile lengo la hatua 10,000 kwa siku ambalo programu nyingi huliweka tangu mwanzo halikutoka kwa madaktari. Asili yake ni Japani, mwaka 1965, ambapo kampuni moja iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kibiashara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, ukiwahusisha wanawake zaidi ya 16,000 wenye wastani wa umri wa miaka 72, ulionyesha kwamba waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango cha chini kuliko waliotembea takriban 2,700, na kwamba nafuu iliendelea kuongezeka hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, haliweki lengo la hatua. Linawashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na shughuli za kazini na za nyumbani zimo katika hesabu hiyo. Kulima kumo. Kwa hiyo programu nzuri kwa mkazi wa vijijini ni ile inayokuruhusu kuandika kwa mkono wako shughuli isiyo ya kutembea, ikiwa ni pamoja na muda na uzito wa kazi, na kubadilisha lengo la siku. Isiyoruhusu hayo itakuita mvivu kila jioni, na mtu anayeitwa mvivu kila jioni huacha kuitazama.

Makande na hesabu ya chakula

Upande wa chakula ndio wenye makosa makubwa zaidi, nasi tutakaa hapo kidogo.

Programu ya lishe haipimi chakula. Inacho kitabu kikubwa cha majina ya vyakula na thamani zake, nawe unachagua jina na kiasi. Ubora wa programu ni ubora wa kitabu hicho. Katika programu kadhaa maarufu, sehemu kubwa ya majina huingizwa na watumiaji wenyewe, bila mtaalamu kuyahakiki. Ukitafuta neno "ugali" unaweza kupata majibu kumi yanayopingana: moja limehesabu unga mkavu, jingine ugali uliopikwa, na jingine halisemi. Tofauti si ndogo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kalori 360. Gramu 100 za ugali uliokwisha kupikwa zina kalori chache zaidi sana, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. (Kalori tunayoizungumzia hapa ndiyo ile inayoandikwa kcal kwenye vifungashio.)

Ni jambo la kusikitisha kwamba takwimu za vyakula vyetu zipo, ila ni vigumu kuzikuta ndani ya simu. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard walitoa majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania, yakiwamo mapishi ya kwetu na si malighafi peke yake. Kabla ya kuamini programu yoyote, tafuta ndani yake vyakula vitano unavyovila kweli katika wiki: kwa familia ya Upareni huenda vikawa makande, ugali wa dona, mchicha uliokaangwa, ndizi za kupika na dagaa. Visipopatikana, au vikipatikana kwa thamani zisizoeleweka, angalia kama programu inaruhusu uingize pishi lako mwenyewe. Hili la pishi lako ndilo tunalolipa uzito mkubwa kuliko mengine yote katika uchaguzi wa programu ya lishe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Pima vitu vikiwa vikavu, kabla ya kupika, kwa sababu maji huongeza uzito bila kuongeza nguvu. Chukua sufuria ya makande yenye nusu kilo ya mahindi yaliyokobolewa, robo kilo ya maharage na vijiko vitatu vya chakula vya mafuta. Mahindi yatakuwa na takriban kalori 1,800, maharage 830, mafuta 360, kwa maana kila kijiko cha chakula cha mafuta kina karibu kalori 120. Jumla ni kama 3,000. Yakigawanywa sawa kwa watu sita, kila sahani ina kalori 500 hivi. Ukiingiza pishi hilo mara moja, programu italikumbuka siku zote. Ukiongeza nazi au karanga, ingiza pishi la pili, maana hilo ni chakula kingine kwa hesabu hii hata kama mezani linaitwa jina lilelile.

Tazama pia jinsi mafuta yalivyo na uzito mkubwa katika hesabu hiyo. Hapo ndipo programu mpya zinazodai kutambua chakula kwa kukipiga picha zinaposhindwa. Kamera huona mchicha. Haioni kwamba mchicha ule umekaangwa kwa vijiko vinne vya mafuta au kwa kimoja. Haioni sukari iliyoyeyuka ndani ya chai, wala kipimo cha dengelua alichokunywa mtu kabla hajafika nyumbani. Picha inaweza kukusaidia kukumbuka ulichokula. Kwa kiasi, amini kijiko na mizani.

Kwa mwenye kisukari, idadi ya wanga katika simu iwe jambo la kupeleka kliniki na kulijadili. Isiwe sababu ya kubadili dawa nyumbani.

Kidole kwenye kamera

Sasa tuje kwenye programu ambazo, kwa maoni yetu, mtumiaji asizitumie kabisa kwa uamuzi wa afya: zile zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera ya simu.

Kisa chake kinajulikana. Kati ya mwaka 2014 na 2015 programu iliyoitwa Instant Blood Pressure iliuzwa katika duka la programu la simu za Apple. Mtumiaji aliweka kidole kwenye kamera, akaegemeza simu kifuani, na baada ya muda mfupi akapewa namba za presha. Watu zaidi ya 100,000 waliinunua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walipoilinganisha na mashine ya kawaida ya mkononi, waligundua kwamba karibu watu wanne kati ya watano waliokuwa na presha ya juu waliambiwa na programu kwamba presha yao haijafikia kiwango hicho. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016, na mwezi Desemba mwaka huohuo Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza hatua dhidi ya waliotengeneza programu hiyo kwa kutoa madai yasiyo ya kweli.

Mtu anaweza kuuliza: mbona simu huhesabu mapigo ya moyo kwa njia hiyohiyo? Ni kweli kwamba kamera, kwa kufuata mabadiliko ya rangi kwenye ncha ya kidole, inaweza kuhesabu mapigo vizuri kiasi. Lakini mapigo na presha ni mambo mawili. Mapigo ni idadi. Presha ni nguvu ambayo damu inausukuma mshipa, na nguvu hiyo kwa kawaida hupimwa kwa kuubana mkono na kuuachia. Presha ya juu haina maumivu kwa miaka mingi. Mtu anayepewa namba nzuri na simu hana dalili itakayomwambia kwamba amedanganywa, hadi siku ya kiharusi. Ndiyo maana programu inayokosea presha ni ya hatari kuliko inayokosea hatua.

Vivyo hivyo kwa saa za mkononi na pete zinazotangazwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari ya damu kwa yenyewe namna hiyo. Hapa kwetu vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na muuzaji anayekuambia kwamba saa yake inapima sukari anapaswa aweze kukueleza kama kifaa hicho kimesajiliwa. Programu itakayokufaa kwa presha au sukari ni ile ambayo ni daftari tu: wewe unapima kwa mashine au zahanati, unaandika namba, nayo inakuchorea mchoro wa miezi mitatu ambao unaweza kumwonyesha daktari.

Anayeisoma daftari lako

Daftari la karatasi linakaa kabatini. Daftari la simu, mara nyingi, linakaa katika kompyuta za kampuni iliyo nchi nyingine. Uzito wako, siku zako za hedhi, saa unazolala, njia unayopita asubuhi: vyote hivi vina wanunuzi, hasa watangazaji wa biashara.

Mwaka 2021 mtengenezaji wa programu ya Flo, inayotumiwa na wanawake wengi duniani kufuatilia hedhi na ujauzito, alikubali masharti ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani baada ya kutuhumiwa kwamba aliahidi usiri kisha akapeleka taarifa za afya za watumiaji kwa makampuni ya nje, zikiwamo Facebook na Google. Mwaka 2018 wadukuzi waliingia katika programu ya lishe ya MyFitnessPal; akaunti takriban milioni 150 ziliguswa, yakiwamo majina ya watumiaji, anwani za barua pepe na nywila zilizofichwa kwa msimbo. Na mwanzoni mwa mwaka huohuo, ramani iliyotolewa na programu ya Strava, iliyokusanya njia za wakimbiaji wa dunia nzima, ilikutwa ikionyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia na saa zao mikononi. Ikiwa ramani ilifichua kambi, itafichua pia geti la nyumba yako, kwa maana kila mbio huanzia hapo na kuishia hapo. Programu nyingi za mbio zina sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa njia. Iwashe kabla ya mbio za kwanza, na usiruhusu watu usiowajua kuona saa unazotoka.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, ambazo hazichakatwi kiholela bila ridhaa ya mhusika. Inakupa haki ya kujua taarifa gani zako zinashikiliwa, kuomba zisahihishwe au zifutwe, na kukataa zisitumike kwa matangazo. Kumdai mtengenezaji aliye ng'ambo ni kazi ngumu kuliko kumdai aliye Dar es Salaam, na hatutaki kumpa msomaji matumaini ya uongo katika hilo. Ulinzi wenye nguvu zaidi unabaki kuwa ule unaoufanya kabla ya kubonyeza "Ninakubali".

Ulinzi huo ni upi? Kwanza tazama ruhusa zinazoombwa. Programu ya kuhesabu hatua inahitaji kihisi mwendo. Haihitaji orodha ya watu uliowahifadhi kwenye simu, wala ujumbe wako mfupi, wala kipaza sauti. Inayoomba kusoma ujumbe mfupi iache mara moja, kwani huko ndiko ziliko taarifa za miamala yako ya pesa. Pili, ikiwezekana jiandikishe kwa barua pepe badala ya namba ya simu. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo namba yako ni karibu sawa na jina lako kamili. Tatu, nywila ya programu hiyo isifanane na nyingine, na kwa vyovyote isiwe ile namba ya siri ya akaunti yako ya pesa ya simu. Duka la Google huonyesha, chini ya kila programu, maelezo ya usalama wa data, nayo ni mazuri kuyasoma. Ila kumbuka kwamba yameandikwa na mtengenezaji mwenyewe. Mwisho, kabla hujaandika chochote cha maana, tafuta kitufe cha kufuta akaunti na cha kupakua kumbukumbu zako. Programu isiyo na mlango wa kutokea usiingie.

Bure ya siku saba

Kuhusu gharama, malalamiko mengi huanzia kwenye neno "bure". Programu hujaribiwa bila malipo kwa siku saba, kisha kadi uliyoiandika mwanzoni hukatwa kila mwezi au, vibaya zaidi, kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Siku hizi hata asiye na akaunti ya benki anaweza kuwa na kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa zake za simu, basi naye hayuko salama. Wengi hudhani kwamba kuifuta programu kwenye simu kunasimamisha malipo. Hakusimamishi. Kwenye simu za Android, fungua duka la programu, bonyeza picha ya akaunti yako, ingia sehemu ya malipo na usajili, na usitishe usajili hapo. Kisha ndipo uifute programu. Fanya hivyo angalau siku mbili kabla muda wa majaribio haujaisha, nawe hifadhi picha ya skrini inayoonyesha kwamba umesitisha.

Bando nalo lihesabiwe. Programu inayotaka intaneti kila inapohesabu hatua, au inayocheza video za matangazo, italamba bando la wiki kwa siku mbili. Izime intaneti na uone kama bado inakuruhusu kuandika chakula. Kwa lugha, tungependa kusema "chagua ya Kiswahili", lakini nyingi kati ya zinazojulikana sana hazijatafsiriwa vizuri. Basi angalau iwe na maneno machache na picha zinazoeleweka na yule atakayeitumia, si yule anayeipakua kwa niaba yake.

Matangazo ya dawa za kupunguza tumbo yanayojitokeza ndani ya programu za bure hayakupitia kwa mtaalamu yeyote anayekujua. Usinunue dawa kwa njia hiyo.

Ambao hesabu hii si yao

Mjamzito na mama anayenyonyesha wasifuate lengo la kupunguza kalori walilowekewa na simu. Watoto pia. Mwaka 2022 kampuni ya WW ya Marekani, inayojulikana pia kama Weight Watchers, ilikubali kulipa faini ya dola milioni 1.5 na kufuta taarifa ilizozikusanya kutoka kwa watoto, baadhi yao wenye umri wa miaka minane, kupitia programu ya kupunguza uzito iitwayo Kurbo. Mtoto anayekua anahitaji mlo kamili na uwanja wa kuchezea. Binti anayeanza kujificha wakati wa kula huku akitazama namba kwenye simu anahitaji mzazi aketi naye, na huenda pia mhudumu wa afya.

Ukipata hasara

Ukikatwa pesa kwa huduma usiyoiomba kupitia laini yako, lalamika kwanza kwa kampuni ya simu na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Usiporidhika, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Lalamiko la taarifa binafsi kutumiwa vibaya hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. La tangazo la uongo la bidhaa au huduma, Tume ya Ushindani. La kifaa kinachodai kupima ugonjwa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Popote utakapokwenda utaulizwa ushahidi. Weka picha ya skrini ya tangazo kama lilivyokuwa ulipolikubali, ujumbe wa makato wenye tarehe na kiasi, jina la mtengenezaji kama lilivyoandikwa dukani, na barua pepe yoyote uliyomwandikia. Kama simu ni ya mama aliye Kifaru na kadi inayokatwa ni ya mwana aliye Dar es Salaam, walalamike pamoja: mwenye kadi aeleze makato, na mwenye simu aeleze kilichoonekana kwenye skrini.